Wanaokwenda Vitani Bila Kuwa Askari

Mkazi wa Mwanza aliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 hahitaji kuelezwa mlio wa ndege aina ya Ilyushin 76. Ni ndege ya shehena yenye injini nne, iliyoundwa katika Urusi ya Kisovieti na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Tumbo lake humeza tani 40 na zaidi za mizigo, na magurudumu yake mengi huiwezesha kutua hata pale ambapo ndege nyingine kubwa hazithubutu. Ndege za namna hiyo zilikuwa zikija Mwanza kuchukua minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya. Tarehe 23 Machi 2005 mojawapo, iliyosajiliwa nchini Moldova, ilianguka katika Ziwa Victoria muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mwanza na shehena ya samaki. Watu wote 8 waliokuwamo walikufa.

Mwaka mmoja kabla ya ajali hiyo, Hubert Sauper, mtengeneza filamu wa Austria, alikuwa ametoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare. Ilidai kwamba ndege zilizokuja kuchukua samaki zilihusika pia na uletaji wa silaha za kulisha vita vya nchi za Maziwa Makuu. Filamu hiyo iliwaudhi wengi hapa nchini, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete mwenyewe aliilaumu hadharani. Watu wakabishana kazini na majumbani: je, ndege zile zilikuja na bunduki, au zilikuja tupu?

Katika mabishano hayo swali moja halikupewa nafasi. Wale watu 8 waliozama ziwani walikuwa wafanyakazi wa nani? Walikuwa wamelala saa ngapi kabla ya kuwasha injini? Na habari ilipofika makwao, nani aliwaendea wajane wao, na alikuwa na nini mkononi? Maswali hayo ndiyo mazungumzo yetu ya Jumapili ya leo. Rubani wa shehena anayepelekwa penye vita ni mfanyakazi kama alivyo dereva wa lori na kama alivyo baharia. Linalomkosesha haki zake ni jambo ambalo wafanyakazi wengi wa mijini wanalifahamu vizuri, nalo ni kutoonekana. Ndege ya abiria ikianguka, dunia nzima husimama na kuuliza. Ndege ya mizigo ikianguka, mara nyingi habari yake hukaa siku moja gazetini, kisha huondoka.

KAZI YENYEWE

Abiria anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza huweza kudhani kwamba urubani ni kazi ya kukaa kitini na kutazama saa. Huona hivyo kwa sababu nyuma ya rubani wa abiria wamesimama watu wengi asiowaona: wa mnara wa kuongozea ndege, wa hali ya hewa, wa zimamoto, na mafundi wa zamu. Rubani aendaye penye vita huvuliwa msaada huo kimoja kimoja. Mnara huenda umebomolewa, ama umeshikwa na upande mmoja wa wapiganaji. Taa huenda hazipo. Njia ya kutulia ina mashimo ya mizinga, au ni ya vumbi na ng'ombe hupita juu yake.

Tena hawezi kushuka taratibu kutoka mbali kama wafanyavyo wenzake. Kombora la kubebwa begani, ambalo mtu mmoja hulichukua kama achukuavyo mchi, huweza kuifikia ndege iliyo juu mita 3,000 na zaidi. Kwa hiyo rubani hubaki juu sana hadi afike juu ya uwanja wenyewe, ndipo aizungushe ndege kama mwewe na kushuka kwa mizunguko mikali. Akishatua, mara nyingi injini hazizimwi. Mizigo huteremshwa mbio mbio, naye huondoka kabla mizinga haijaelekezwa uwanjani.

Kazi hii si mpya barani Afrika. Katika vita vya Nigeria vya mwaka 1967 hadi 1970, jimbo la Biafra lilizingirwa pande zote na watu wake wakafa njaa. Wasomaji wa makamo watakumbuka kwamba Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Chakula na dawa vilipelekwa huko usiku kwa ndege, hasa kutoka visiwa vya São Tomé na Fernando Po, vikashushwa mahali paitwapo Uli, ambapo kipande cha barabara kuu kilikuwa kimegeuzwa uwanja. Marubani walikuja gizani, taa za ndege zimezimwa. Taa za uwanja ziliwashwa kwa kitambo kidogo tu, wakati ndege ilipokaribia kugusa ardhi, kisha zikazimwa tena, maana huko juu ilizunguka ndege ya kivita ikingoja mwanga ili idondoshe mabomu. Walioteremsha unga na maziwa waliitumia njia ile ile waliyoitumia walioteremsha risasi, na aliyekuwa juu hakuweza kuwatofautisha. Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu, aina ya DC-7, ilitunguliwa na ndege ya kivita ya Nigeria. Watu wote 4 waliokuwamo walikufa.

Ustadi unaotakiwa katika kazi hii ulionekana mjini Baghdad, nchini Iraq, tarehe 22 Novemba 2003. Airbus A300 ya shirika la mizigo la DHL iliondoka kwenda Bahrain ikiwa na watu 3: rubani mkuu Eric Gennotte, rubani msaidizi Steeve Michielsen, na mhandisi wa ndege Mario Rofail. Ilipokuwa ingali ikipanda, kiasi cha mita 2,400 juu, kombora lililorushwa na mtu aliyesimama ardhini liliipiga bawa la kushoto. Bawa likashika moto. Mafuta ya haidroliki, ambayo ndiyo misuli ya ndege kubwa, yakamwagika yote, na usukani ukawa kama usukani wa gari lililokatika mhimili. Walichobakiwa nacho ni vishikio vya kuongezea na kupunguzia nguvu za injini mbili. Walipoongeza nguvu upande mmoja ndege iligeuka upande wa pili, walipoongeza zote ilipanda, walipopunguza ilishuka. Mhandisi aliteremsha magurudumu kwa kuzungusha mkono wa chuma. Kwa namna hiyo, katika muda usiofika nusu saa, waliirudisha ndege Baghdad na kuiweka chini. Ilitoka nje ya njia, ikaburuzika mchangani, ikasimama. Wote 3 walitoka hai.

Tunafurahi kuisimulia habari hiyo kwa kuwa ilikwisha vizuri. Lakini rubani hawezi kujengewa maisha juu ya miujiza. Tarehe 9 Machi 2007, Ilyushin 76 ya kampuni ya Belarus iliyokuwa ikiwahudumia walinda amani wa Umoja wa Afrika ilipigwa ilipokuwa ikitua Mogadishu, ikawaka moto, na waliokuwamo wakaokoka. Siku 14 baadaye, tarehe 23 Machi, ndege nyingine ya kampuni hiyo hiyo iliyokuwa imeleta mafundi na vifaa vya kuitengeneza ile ya kwanza ilipigwa ilipokuwa ikiondoka. Watu wote 11, raia wa Belarus, walikufa. Hao hawakwenda Mogadishu kupigana. Walikwenda kutengeneza chombo cha kazi kilichoharibika, kama fundi wa gereji anavyofuata lori lililokwama njiani.

Wala anayefyatua si adui siku zote. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ndogo ya kampuni ya Kenya iliyobeba vifaa vya tiba vya kupambana na Korona ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Bardale, nchini Somalia. Watu 6 walikufa. Baadaye Ethiopia ilikiri kwamba askari wake waliokuwa hapo ndio walioipiga, wakidhani imekuja kuwashambulia. Ndege ilikuwa na dawa, na askari walikuwa na hofu. Katikati yao hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kuhakikisha kwamba kila askari aliyeshika bunduki siku ile anajua ndege gani inakuja na saa ngapi.

NANI MWAJIRI?

Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, ndege nyingi za Ilyushin na Antonov zilibaki bila kazi, pamoja na watu waliofunzwa vizuri kuziendesha. Ndege zikauzwa na kukodishwa, na watu wakazifuata. Tangu hapo ikawa kawaida, kwenye viwanja vya Afrika na Ghuba, kukuta ndege iliyosajiliwa nchi moja, ikimilikiwa na kampuni yenye sanduku la posta nchi nyingine, ikiendeshwa na watu wa nchi ya tatu, na kukodiwa na dalali wa nchi ya nne kwa niaba ya mwenye shehena wa nchi ya tano. Msomaji aliyewahi kufanya kibarua chini ya mkandarasi wa mkandarasi ataelewa upesi maana ya jambo hilo. Siku ya mshahara kila mmoja humwonyesha mwenzake.

Ukubwa wa hatari ya mpango wa namna hiyo ulionekana Entebbe, Uganda, tarehe 9 Machi 2009. Ilyushin 76 iliyosajiliwa São Tomé na Príncipe iliruka alfajiri kuelekea Mogadishu na vifaa vya walinda amani, ikaanguka katika Ziwa Victoria. Watu 11 walikufa, wakiwamo maofisa wa jeshi la Burundi. Wachunguzi wa Uganda walikuta kwamba injini zote 4 zilikuwa zimepita muda wake wa kutumika, na kwamba madai ya mwenye ndege kwamba zilikuwa zimefanyiwa kazi ya kuongezewa muda hayakuweza kuthibitishwa. Kwa maneno mengine, watu hao walikuwa wamekwisha kuwekwa hatarini kabla hawajaiona Somalia. Bendera iliyochorwa mkiani ilikuwa ya visiwa vilivyo upande mwingine wa bara, ambako mkaguzi alikuwa mbali sana na zile injini.

Mfanyakazi mwenyewe katika mpango kama huo huwa na mkataba wa miezi michache, na malipo yake huhesabiwa kwa saa za kuruka. Asiporuka hapati kitu. Akisema kwamba uwanja fulani si salama leo, anajua kwamba kesho kiti chake kitakaliwa na mwingine. Akisema amechoka, huambiwa mteja anangoja. Wapo watakaomkumbusha methali kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali ni ya kweli inapomsema mvivu. Mkulima anayeliangalia jembe lake akaona mpini umepasuka, akakataa kulinyanyua mpaka libadilishwe, huyo hachagui jembe, analinda mguu wake na miguu ya wanaolima pembeni yake.

KARATASI NA SHEHENA

Jambo la pili linalomhusu rubani ni kujua alichobeba. Sheria ya anga inaitwa Mkataba wa Chicago, nao ulifanywa mwaka 1944. Kifungu chake cha 35 kinakataza ndege kuchukua zana za vita juu ya nchi yoyote bila idhini ya nchi hiyo. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilitunguliwa na jeshi la Kisovieti na watu 269 wakafa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Montreal, na tarehe 10 Mei 1984 yakaongeza kifungu kinachosema kwamba mataifa yajiepushe na kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyoko angani. Kifungu hicho kilianza kutumika rasmi mwaka 1998.

Hiyo ndiyo ngao ya rubani wa kiraia. Ni ngao ya karatasi, lakini ni bora kuliko kukosa kabisa. Sasa mtu akipenyeza masanduku ya risasi katikati ya magunia ya mchele, akaandika kwenye hati kwamba ni vipuri vya trekta, ngao hiyo ameichana bila rubani kujua. Ndege inayofanya kazi ya kijeshi haihesabiwi kuwa ya kiraia, na wapiganaji wakishapata habari kwamba ndege nyeupe hubeba risasi, watazipiga nyeupe zote, pamoja na iliyobeba chanjo za watoto. Kwa hiyo anayedanganya katika hati ya shehena anawaibia uhai marubani asiowajua, hata wale watakaopita njia hiyo mwezi ujao.

Yaliyowapata watu 7 wa Urusi yanafundisha. Tarehe 3 Agosti 1995 Ilyushin 76 ya kampuni ya Airstan ilikuwa ikipeleka risasi kwa serikali ya Afghanistan iliyokuwa Kabul. Ndege ya kivita ya Taliban iliilazimisha kutua Kandahar, na watu wote 7 wakashikwa. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Rubani mkuu, Vladimir Sharpatov, na wenzake waliwashawishi waliowashika kwamba ndege kubwa ikiachwa bila kuangaliwa itaharibika, nao wakaruhusiwa kuihudumia mara kwa mara. Tarehe 16 Agosti 1996, siku ya Ijumaa, walinzi wakiwa wachache, waliziwasha injini, wakawazidi nguvu walinzi waliokuwamo ndani, wakaruka chini chini hadi Sharjah. Watu walilisifu tukio hilo kama hadithi ya mashujaa, nalo lastahili sifa. Lakini tuwafikirie pia waliokuwa nyumbani kwa siku zile zote, ambao hawakuwa na injini ya kuwasha wala mlinzi wa kumzidi nguvu, ila kungoja tu.

BIMA NA FAMILIA

Hapa ndipo habari hii inapoingia katika nyumba. Mkataba wa kawaida wa bima ya ndege huwa na kifungu kinachotoa nje hasara zinazotokana na vita. Anayetaka kinga ya vita hainunui pamoja na ile ya kawaida, huinunua mbali na kwa bei yake, na mwenye bima huweza kuiondoa kwa taarifa ya siku chache hali ikichafuka. Bima nyingi za maisha nazo zina kifungu kama hicho. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akawa na karatasi safi yenye muhuri, akailaza kabatini kwa amani, nayo isiwe na faida yoyote kwa kifo cha aina ile anayoikabili kila siku.

Mjane akifungua kabati na kuisoma karatasi hiyo kwa mara ya kwanza baada ya msiba, amechelewa. Tena hajui amshitaki nani. Je, ni mwenye ndege, ambaye kampuni yake imekwisha kufungwa na kufunguliwa kwa jina jingine? Ni dalali? Ni mwenye shehena, atakayesema kwamba yeye alikodi ndege na hakuajiri mtu? Kila mmoja ana karatasi ya kumtoa. Mara nyingi hata kaburi halipo, kwa kuwa mahali ndege ilipoangukia panashikwa na wapiganaji na hapafikiki.

BAHARIA AMETANGULIA

Wengine watasema kwamba vita ni vita na hakuna utaratibu unaoweza kuwekwa. Jibu la hoja hiyo liko bandarini. Mabaharia nao hupelekwa penye vita, na kwa miaka mingi vyama vyao vimekaa meza moja na wenye meli. Chini ya mikataba yao ya kimataifa, pande zote mbili huitaja kwa majina sehemu ya bahari inayohesabiwa kuwa ya vita. Meli ikitaka kuingia huko, baharia aliye chini ya mkataba huo ana haki ya kukataa, na mwenye meli humrudisha kwao kwa gharama yake. Akikubali, hulipwa nyongeza inayolingana na mshahara wake wa msingi kwa muda wote atakaokuwa ndani ya eneo hilo, na fidia ya kifo au kilema huwa mara mbili. Meli hazikuacha kusafiri kwa sababu hiyo. Shehena hufika, ila gharama ya hatari inalipwa na mwenye faida.

Msingi wa haki hiyo haukuandikwa kwa ajili ya mabaharia peke yao. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 13, linasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu za haki za kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu ya uhai au afya yake, alindwe asipate madhara kwa kufanya hivyo. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliuingiza mkataba huo katika orodha ya mikataba yake ya msingi. Marubani wa mashirika makubwa wana vyama vya kuwasemea. Anayeachwa nje ni yule wa mkataba wa miezi mitatu, aliyetafutiwa kazi na wakala, ambaye hakai mahali pamoja muda wa kutosha kulipa ada ya chama.

Liko swali jingine zito, nalo lisikwepwe. Marubani wakikataa, nani atawapelekea chakula wenye njaa? Jibu moja lilikuwa Lokichoggio, katika nchi ya Waturkana kaskazini ya Kenya. Mwaka 1989, baada ya njaa kubwa kusini ya Sudan, Umoja wa Mataifa ulipatana na Serikali ya Khartoum na wapiganaji wa SPLA, kukawa na mpango wa misaada ulioendelea kwa miaka mingi. Ndege zilitoka Lokichoggio, nyingine zikitua kwenye viwanja vya udongo na nyingine zikidondosha magunia kutoka angani. Kabla ya safari, viwanja vilivyoruhusiwa vilitajwa katika orodha iliyojulikana na pande zote. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Khartoum iliweza kukataza safari, na ilikataza, kama ilivyotokea Bahr el Ghazal mapema mwaka 1998, watu wakiwa na njaa. Hata hivyo ulionyesha kwamba usalama wa rubani huanza mezani, kwa kuwalazimisha wenye bunduki waseme mapema ni wapi hawatapiga.

Pale ambapo mapatano yamevunjika, rangi ya ndege haisaidii. Nchini Angola, tarehe 26 Desemba 1998, ndege aina ya Hercules iliyokodiwa na Umoja wa Mataifa ilianguka karibu na Huambo, penye mapigano, na watu 14 wakafa. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Januari 1999, nyingine ya namna hiyo ikatunguliwa katika eneo hilo hilo, ikiwa na watu 9. Mwenye njaa hasaidiwi na ndege iliyolala porini. Rubani anayesema hapana leo, akadai kwanza mapatano, anawatetea pia wale wanaongoja chakula, kwa kuwa ndege ikishatunguliwa zile nyingine huacha kuja.

SWALI LA NYUMBANI

Haya yote yatuhusu nini sisi tunaopanda daladala? Yanatuhusu, kwa sababu siku hizi vijana wetu wenyewe wamo katika kazi hii. Leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa saa 200 hivi za kuruka, lakini leseni ya kuwa kiongozi wa ndege kubwa hutaka saa 1,500. Kati ya namba hizo mbili ndipo kijana anapokwama. Wazazi wamekopa au wameuza kiwanja ili asome, mkopo unadai, na mashirika yanataka mwenye uzoefu. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye maneno matamu na kazi ya kuruka kwenda Somalia, Sudan au Sudan Kusini. Saa zitapatikana upesi, asema, na fedha ni dola.

Hatumwambii kijana huyo akatae. Kazi ni ya heshima, na wapo wanaoishi leo kwa sababu rubani fulani alikubali kwenda. Tunachosema ni kwamba jambo hilo lizungumzwe sebuleni, kijana akiwapo na mkataba ukiwa mezani, kabla kalamu haijashikwa. Mzazi au mke asiogope kwamba hajui mambo ya ndege, maana maswali yenyewe ni ya kawaida.

Mwajiri ni nani, na ofisi yake iko mji gani, ambako mtu anaweza kwenda akabisha hodi? Ndege imesajiliwa wapi, na nani huikagua? Je, mkataba unampa haki ya kukataa safari bila kufukuzwa, na haki hiyo imeandikwa au imesemwa tu? Ana ruhusa ya kuiona shehena na hati zake kabla ya kufunga mlango? Atapumzika saa ngapi kati ya safari na safari, na atalala kitandani au ndani ya ndege? Bima inataja vita kwa jina, na inataja nchi anazokwenda? Akifa, nani atalipwa, na karatasi hiyo inatunzwa nyumbani au ofisini kwa mwajiri? Akishikwa, nani atamtafuta?

Mwajiri mwema atajibu maswali hayo bila kukunja uso, kwa kuwa amekwisha kuyajibu mbele ya mwenye bima wake. Akikasirika, jibu mmelipata. Mkataba usiotaja vita, kwa kazi ya kwenda vitani, haujakamilika, na mahali pa kuujazia ni hapo mezani, wakati kijana bado yupo na nauli ya kurudi chuoni haijaisha.